Jiwe la Shamba na Hati ya Shamba

Mhadhara kwa wakulima na mafundi wa ujenzi wa Kalengera

Mkulima wa Kalengera huvuna mara mbili. Anavuna maharagi na mahindi, kisha anavuna mawe. Kila msimu jembe linagonga jiwe jeusi lenye matundu, analing'oa na kulitupa pembeni, na baada ya miaka kadhaa mpaka wa shamba una marundo yanayomfika mtu kifuani. Ardhi ya pande hizi, kutoka Goma kupitia Kibumba na Rugari hadi Rumangabo na kuendelea kuelekea Rutshuru, imelala juu ya volkano: lava iliyopoa juu ya lava iliyopoa, nyingine ya kale na iliyofunikwa na udongo mzito unaolisha mkoa mzima, nyingine ya juzi ambayo bado haijaota hata nyasi. Volkano za Nyamulagira na Nyiragongo hazijawahi kumdai mtu bei ya jiwe.

Jiwe liko bure na mafundi wapo. Kijana wa Bwisha, yaani wa pande hizi za Kalengera, anayejua kupanga jiwe la lava hapati shida kuajiriwa Goma, kwa kuwa mjini kila mwenye uwezo anataka kiwanja chake kizungushiwe ukuta mweusi wenye mistari ya simenti iliyonyooshwa vizuri. Fundi huyo akirudi nyumbani jioni ya Jumamosi, analala katika nyumba ya miti na udongo, au ya mbao, katikati ya marundo ya mawe ambayo babu yake aliyakusanya.

Kwa nini? Jibu la haraka ni umaskini, na umaskini ni kweli. Lakini mkulima wa Uingereza wa miaka 500 iliyopita naye alikuwa akilala katika nyumba ya miti na udongo, na moshi ulimtoka paani kama unavyotoka katika majiko ya Bwisha leo. Baadaye, katika vizazi vichache, wakulima wengi wa nchi hiyo wakahamia katika nyumba za mawe ambazo bado zimesimama na bado zinakaliwa. Kilichobadilika katika vizazi hivyo kina funzo kwa Kalengera, na funzo lenyewe liko katika jiwe na pia katika karatasi.

Kwanza kuna picha moja inayozuia watu kuona. Katika Afrika Mashariki na Kongo, nyumba ya mawe ya shambani humkumbusha mtu setla. Nje ya Nairobi, chini ya vilima vya Ngong, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi Åke Sjögren. Mwaka 1917 ilinunuliwa pamoja na shamba lake la kahawa, na mwandishi Karen Blixen akaishi hapo hadi shamba liliposhindwa mwaka 1931. Leo ni makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1986. Karibu zaidi na Kalengera, upande wa Rwanda chini ya Karisimbi, iko Mugongo, nyumba ya shamba la pareto la Mmarekani Rosamond Carr, aliyefika Kivu mwaka 1949. Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari, ghala la kukaushia pareto la shamba hilo likageuzwa makao ya watoto yatima, yaliyoitwa Imbabazi. Kivu yenyewe haikukosa nyumba za namna hiyo. Comité National du Kivu, shirika la kikoloni lililoundwa mwaka 1928, liligawa ardhi kubwa kwa walowezi, nao walowezi wakajengewa nyumba Masisi na Rutshuru kwa mikono ya watu wa Masisi na Rutshuru. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwa mashamba na biashara za wageni zichukuliwe na raia wa Zaire. Zilichukuliwa kweli, na sehemu kubwa zikaishia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na dola. Waliopanga mawe hawakupata nyumba wala shamba.

Kwa hiyo mtu wa Kalengera ana haki ya kuiona nyumba ya mawe kuwa nyumba ya mwenye nguvu. Nchini Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Nyumba nyingi za mawe za vijijini zilijengwa na watu waliolima kwa mikono yao na ya watoto wao, waliofuga ng'ombe wachache na kondoo, na waliouza ziada gulioni. Jiwe lilikuwa la jirani, kwa sababu kabla ya reli hakuna mkulima aliyemudu kubeba mawe mbali kwa mkokoteni. Ndiyo maana kila eneo lina rangi yake: milima ya Cotswolds ina jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, Dartmoor ina matale ya kijivu, Northumberland ina jiwe la mchanga. Mtu anayejua mawe akioneshwa picha ya nyumba anaweza kutaja mkoa bila kuambiwa.

Kelmscott, kijiji kidogo cha Oxfordshire kando ya sehemu ya juu ya mto Thames, kina nyumba moja inayofaa kuchunguzwa ukuta kwa ukuta. Ilijengwa takriban mwaka 1600 na familia ya Turner, wakulima wa hapo hapo, na katika karne hiyo hiyo ikaongezewa ubavu mwingine. Inajulikana duniani kwa sababu ya mpangaji wake, mshairi na fundi William Morris, aliyeikodi kuanzia mwaka 1871 hadi alipofariki mwaka 1896. Leo inamilikiwa na Society of Antiquaries ya London. Lakini umaarufu wa Morris usifiche ustadi wa mafundi wasiojulikana waliomtangulia kwa karne mbili na nusu.

Ukuta wa nyumba za aina hii una ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati hushindiliwa vijiwe na vumbi la mawe. Unene wake hufika sentimita 60 na mara nyingine kuzidi. Hatari ya ukuta kama huo ni ngozi mbili kuachana: mvua ikiingia katikati, vijiwe vinashuka, vinasukuma, na ukuta unavimba tumbo. Kinga yake ni jiwe refu linalopita kutoka ngozi moja hadi nyingine, likiwekwa kila baada ya hatua chache na kila baada ya kimo fulani. Pembe za nyumba hupewa mawe makubwa kuliko yote, yaliyochongwa pande zake, moja likielekea mashariki na linalofuata likielekea kusini, ili kuta mbili zifungane. Fundi yeyote wa Goma ataitambua kanuni hiyo. Tofauti ni kwamba katika kuta nyingi za viwanja mjini jiwe la kupita halipo. Simenti imeachiwa kazi yote, nayo simenti ikipungua kwa sababu ya bei, ukuta unasimama kwa sura tu.

Wajenzi wa Kelmscott hawakuwa na simenti. Walitumia udongo na chokaa iliyochomwa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, inapitisha unyevu, na nyumba ikitulia kidogo ardhini inakubali kusogea bila kupasuka. Waswahili wa pwani walijua jambo hilo kabla ya nyumba ya Kelmscott kuwapo: walichoma matumbawe kupata chokaa, wakajengea matumbawe mengine, na mji wa kale wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ushahidi wake. Pwani pia inaonesha jinsi zana ya ujenzi inavyotoa amri kuhusu ukubwa wa chumba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu. Uingereza amri ilitoka kwa linta. Jiwe likilazwa juu ya dirisha pana linakatika, kwa hiyo dirisha liligawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe kuwa vijidirisha viwili, vitatu au vinne vilivyosimama pamoja. Juu yake fundi alichonga ukingo wa kutupa mvua mbali na kioo. Watu wa leo wanaona pambo, na kweli ni zuri, lakini lilianza kama mfereji.

Paa la nyumba hizi ndilo linalostahili heshima kubwa kuliko yote. Lilifunikwa kwa vigae vya mawe. Katika kijiji cha Stonesfield, pia Oxfordshire, mapande ya mawe yalichimbwa na kuachwa nje yakiwa na unyevu hadi majira ya baridi; maji yaliyo ndani yaliganda, yakatanuka, na jiwe likapasuka lenyewe kuwa vibamba vyembamba. Vibamba vikapangwa paani kwa ukubwa: vikubwa chini kwenye ukingo, ambako maji yote ya paa hukusanyika, na vidogo vikizidi kuwa vidogo kadiri mtu anavyopanda kuelekea kipeo. Morris alilipenda paa hilo la Kelmscott na aliandika kulisifu. Mwaka 1877 alikuwa ameanzisha chama cha kuhifadhi majengo ya kale, chenye msimamo kwamba jengo lirekebishwe pale lilipoumia badala ya kuvuliwa na kuvishwa sura mpya. Chama hicho kipo hadi leo.

Kuhusu mpangilio wa ndani, mfano bora uko Dartmoor, kusini-magharibi. Higher Uppacott ni nyumba ya matale ambayo mwanzo wake ni karne ya 14. Ni ndefu, imelazwa kwenye mteremko, na mlango mmoja ulifungua njia iliyokata nyumba katikati. Upande wa juu waliishi watu, upande wa chini ng'ombe, na mkojo wa ng'ombe ulifuata mteremko ukatoka nje kwa mfereji bila kumsumbua mtu. Joto la ng'ombe lilisaidia wakati wa baridi na hakuna mwizi aliyeweza kuchukua mnyama bila mwenyewe kusikia. Zizi la nyumba hiyo bado lipo karibu kama lilivyokuwa.

Sasa karatasi. Mwaka 1953 mwanahistoria W. G. Hoskins alichapisha makala ambayo wasomi wa majengo wa Uingereza wanaijadili hadi leo. Alisema kwamba kati ya mwaka 1570 na 1640 vijiji vya Uingereza vilijengwa upya. Waliomfuata wamesahihisha tarehe zake, maana sehemu za kaskazini zilichelewa na nyingine zilitangulia, lakini sababu aliyoitaja ina uzito. Bei ya nafaka, nyama na sufu ilikuwa imepanda kwa miongo mingi. Wakati huo huo wakulima wengi walikuwa na ardhi kwa masharti ya mila, na malipo yao kwa bwana ardhi hayakuweza kupandishwa hovyo. Bei ya mazao inapanda, kodi imesimama, basi fedha inabaki nyumbani. Ikabaki mikononi mwa mtu anayejua kwamba mwanawe atalima shamba lile lile.

Alijuaje? Kwa sababu jina lake liliandikwa katika daftari la baraza la bwana ardhi, naye akapewa nakala ya maandishi hayo. Nakala hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake. Akifa, mrithi alikwenda barazani, akalipa ada, jina likabadilishwa daftarini. Mfumo huo ulitokana na mila, haukuwa umiliki kamili, na ulikuwa na mizigo yake. Ulifutwa rasmi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1926. Lakini kwa karne kadhaa ulimpa mkulima wa kawaida jambo ambalo jiwe linadai: muda. Nyumba ya udongo inaweza kumlipa mjenzi wake kwa miaka kumi. Nyumba ya mawe inadai vizazi.

Haki inataka kusema pia juu ya waliokosa nakala hiyo. Wakulima wengi wa Uingereza walifukuzwa katika ardhi iliyokuwa ya wote ilipozungushiwa ua ikawa ya wachache, na wakaishia kuwa vibarua. Vibanda vyao havionekani leo, maana vilikuwa vya udongo na vimerudi kuwa udongo. Anayetembelea Cotswolds na kusifu nyumba za mawe anaona nyumba za walioshinda tu.

Kuhusu maisha ndani ya mabadiliko hayo, kuna ushuhuda wa padri mmoja wa kijijini, William Harrison wa Radwinter katika Essex. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1577 aliandika kwamba wazee wa kijiji chake walitaja mambo matatu yaliyobadilika ajabu tangu ujana wao: mabomba ya moshi yaliyozidi kuongezeka, matandiko bora, na vyombo vya mezani vya madini badala ya vya mti. Bomba la moshi limetajwa la kwanza. Kabla yake moto uliwaka katikati ya chumba na moshi ukatafuta njia yake paani. Kwa hiyo nyumba haikuweza kuwa na ghorofa. Moto ulipohamishiwa ukutani na moshi ukapewa njia ya mawe, dari liliwekwa, vyumba vya kulala vikapanda juu, na macho ya akina mama yakapona. Kila mwanamke wa Bwisha anayepika maharagi kwa saa tatu kwenye mafiga anajua thamani ya sentensi hiyo ya mwisho.

Hapa msikilizaji makini ataleta pingamizi, na ni pingamizi zito. Wakulima wa Kelmscott walikuwa na amani. Kalengera iko barabarani, karibu na kambi ya jeshi ya Rumangabo, na vita vimepita hapo tena na tena. Rumangabo ilitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2012. Mwishoni mwa Oktoba 2022 waasi hao waliingia Kiwanja na Rutshuru, na familia za pande hizi zikashuka kusini kwa miguu, magodoro kichwani, wengi hadi Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Nani atajenga ukuta wa nusu mita mahali ambapo huenda kesho akapaacha?

Uingereza nayo ilikuwa na mpaka wa namna hiyo. Kwa karne tatu watu wa mpaka wa Uingereza na Uskoti waliishi kwa kuporana ng'ombe. Koo zilivamiana usiku, nyumba zikachomwa, na wafalme wa pande zote mbili waliona faida kuwaacha waporaji wamsumbue jirani. Kati ya mwaka 1550 na 1650 hivi, wakulima wa Northumberland wenye uwezo kidogo walijenga nyumba ya aina ambayo nchini humo hupatikana pande za mpaka huo tu. Ina kuta za karibu mita moja au zaidi. Chini ni zizi lenye mlango mwembamba unaofungwa kwa ndani kwa mihimili. Juu ni chumba cha familia, na mwanzoni kilipandwa kwa ngazi ya kuvutwa. Ngazi za mawe za nje zilikuja baadaye. Madirisha ni mianya. Nyumba nyingi kama hizo ziko ndani ya kilomita 30 hivi kutoka mpakani, na moja yao, Black Middens, katika bonde la Tarset, iko wazi kwa wageni.

Je, basi Kalengera ijenge ngome? Hapana. Mporaji wa Northumberland alikuja na mkuki na mwenge, akiwa na usiku mmoja tu. Ukuta wa mita moja ulitosha kumchosha hadi majirani wafike. Dhidi ya bunduki za kisasa na mabomu ukuta huo ni kaburi. Kilichomaliza uporaji hakikuwa ukuta. Mwaka 1603 mfalme mmoja alitawala nchi zote mbili, na mpaka ukaacha kuwa mahali ambapo mhalifu anajificha kwa kuvuka. Lakini angalia jambo lililotokea baadaye: mianya ilipanuliwa ikawa madirisha, ngazi ya nje ikajengwa, ng'ombe wakapelekwa kwenye zizi la pekee, na nyumba zile zile za vita zikaendelea kuwa nyumba za wakulima. Jiwe lilisubiri amani ije.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hilo, na ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, yaani karne moja au pungufu kabla ya Kelmscott. Kuta zake hazina udongo wala chokaa. Zina ngozi ya nje na ngozi ya ndani, na katikati kuna vijiwe vya kujaza, unene ukifika karibu mita moja. Milango ni mifupi, mtu anaingia ameinama, na juu yake zimelazwa linta za mawe. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2018 UNESCO iliandika boma hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hakuna mgeni aliyewafundisha wajenzi wake kanuni ya ngozi mbili. Mawe yaliyotapakaa juu ya vilima vyao yaliwafundisha.

Hata hivyo Kalengera haiwezi kunakili Kelmscott wala Thimlich Ohinga bila kufikiri, kwa sababu moja ambayo fundi asipoizingatia ataua watu. Ardhi ya Kivu inatikisika. Ziwa na volkano zimelala ndani ya bonde la ufa ambalo bado linafunguka. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga karibu na Bukavu, na watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao upande wa Rwanda. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, matetemeko yaliyofuata yaliendelea kuangusha majengo ambayo lava haikuyagusa; baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021 Goma ilitikisika kwa siku nyingi. Ukuta wa ngozi mbili, mrefu, uliojazwa vijiwe na kubebeshwa paa la mawe, ni salama Oxfordshire. Kivu unaweza kufunguka na kumwagika juu ya waliolala.

Na hapa watu wa Goma wanastahili sifa ambayo hawajapewa. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikabomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao. Watu walirudi lava ikiwa bado inafuka. Walivunja jiwe lile lile lililowabomolea, wakajenga msingi na ukuta mfupi, na juu yake wakasimamisha mbao na kuezeka manjanja, yaani mabati. Wageni wengi huziona nyumba hizo kuwa za muda, ishara ya kukata tamaa. Kiufundi ni jibu zuri. Uzito wote uko chini, ambako tetemeko halina nguvu ya kuuangusha. Juu ni pepesi, panayumba na kurudi. Jiwe linazuia unyevu na mchwa wasifikie mbao. Mbao zinaweza kufunguliwa na kuhamishwa, jambo ambalo familia nyingi za mji huo zimelifanya zaidi ya mara moja. Nyumba ya Goma ina ujuzi wa kieneo sawasawa na nyumba ya Cotswolds, ila bado haijapata mtu wa kuiandikia vitabu.

Kinachohitajika Bwisha ni kuuchukua ujuzi huo na kuukamilisha. Mawe ya kupita yarudi ukutani. Pembe zifungwe kwa mawe marefu. Juu ya ukuta wa mawe, kabla ya mbao kuanza, uzungushwe mkanda wa zege lenye vyuma, hata kama ni mwembamba, ili kuta nne zisogee pamoja. Simenti inayotoka Uganda na Rwanda ni ghali, ndiyo. Lakini mkanda mmoja unakula simenti kidogo kuliko ukuta mzima uliopakwa kwa ajili ya macho ya wapita njia. Kwa kuwa nyanda za lava hunywa mvua yote na hazina vijito, kila paa la manjanja liwe na mfereji na tanki la mawe chini yake. Kuna pia hoja ya msitu. Tofali la kuchoma linakula kuni, na Kalengera ni jirani wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo kila siku inapoteza miti kwa makaa. Jiwe la shambani haliombi hata gogo moja.

Lakini ufundi wote huo unarudi kwenye daftari. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Raia anaweza kupewa konsesio ya kudumu na kuandikishiwa hati, njia ambayo wenye mashamba makubwa wanaijua vizuri. Mkulima mdogo analima kwa haki ya mila, kupitia kwa mwami na watu wake, na kuhusu haki hiyo kifungu cha 389 cha sheria hiyo kiliahidi kwamba amri ya Rais ingekuja kuipanga. Miongo ikapita bila amri hiyo. Yule mkulima wa Uingereza wa mwaka 1600 alikuwa na nakala ya daftari la mila mkononi. Mkulima wa Bwisha ana mila bila nakala. Ni aibu ya taifa, na inapaswa kusemwa hivyo mbele ya kila anayeomba kura katika Rutshuru. Mtu anayeogopa kwamba akikimbia vita atarudi akute jina la mwingine kwenye shamba lake hawezi kulaumiwa kwa kujenga nyumba ya miti.

Wakati daftari linasubiriwa, yapo ya kuanza nayo. Nyumba ndefu za Dartmoor hazikujengwa kwa siku moja. Zilikua chumba kwa chumba, kila kizazi kikiongeza chake. Kalengera inaweza kuanza na jiko, ambako faida inaonekana siku ya kwanza: jiko lenye moto uliohamishiwa ukutani na bomba la moshi. Jiko la mita 3 kwa 3 kwa ndani, lenye ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 40 na kimo cha mita 1.20, ukiondoa nafasi ya mlango, linahitaji takriban mita 6 za ujazo za mawe. Kundi la likelemba la familia kumi linaweza kujenga la familia moja, kisha la nyingine, kwa zamu ile ile wanayochangia fedha. Kazi ya ustadi ya kila jiko ni pembe nne na jiwe la kupita kila hatua mbili. Hiyo aachiwe yule fundi anayerudi kutoka Goma Jumamosi. Kubeba mawe kutoka kwenye rundo la pembeni mwa shamba kunawezwa na kila mtu.